Watu wa Chemba

Simu ilipolia, Kudra alikuwa uani anaanua mashuka, vibanio vitatu mdomoni. Namba ilikuwa ngeni. Alivitema vibanio mkononi, akapokea.

"Shikamoo mama," ilisema sauti ya kijana, yenye adabu nyingi mno kwa mtu asiyemfahamu. "Naitwa Method. Napiga kutoka chemba."

"Kutoka wapi?"

"Chemba, mama. Tumesikia habari zako. Alhamisi mimi na mwenyekiti tungependa kupita kwako, tuone mazingira, tuzungumze mawili matatu. Utakuwepo?"

Kudra alisema atakuwepo. Angesema nini? Mtu akishakwambia amesikia habari zako, ukikimbia umejihukumu mwenyewe. Simu ikakatika, naye akabaki amesimama katikati ya kamba mbili za mashuka kama mtu aliyepotea shambani. Laiti angeuliza swali moja tu, chemba gani, yote yaliyofuata yasingetokea. Lakini swali hilo halikumjia. Kwake yeye chemba ilikuwa moja, shimo la maji machafu, na ilikuwa hatua chache tu kutoka hapo alipokuwa, nyuma ya bafu la wageni, imefunikwa kwa zege lililopasuka.

Kudra alikuwa na nyumba ya wageni pale Mugumu, nyuma ya soko. Ilianza kama nyumba ya kuishi. Marehemu mumewe, Imrani, fundi cherehani, alipofariki, vyumba vilibaki vitupu na Kudra akavipangisha kwa walimu wapya waliokuwa wakingoja nyumba za shule. Walimu wakawaambia madereva, madereva wakawaambia wanunuzi wa mahindi, na taratibu nyumba ikawa gesti. Haikuwa na bango. Haikuwa na pombe wala kelele. Ilikuwa na shuka safi, maji ya moto asubuhi, na chapati za Shamsia, dada wa marehemu, ambaye alikuja kwenye msiba na hakuondoka tena.

Tatizo lilikuwa hiyo chemba. Masika yakikolea, ilicheua. Maji yalipita chini ya ukuta yakaingia kwa jirani, Mokami, mwanamke mwenye duka la mbegu na dawa za mifugo. Mokami alikuwa Mkurya mwenye sauti ya chini, asiyegombana na mtu. Masika yaliyopita alisimama ukutani akasema, "Dada Kudra, hayo maji yako yananitembelea," akacheka, na Kudra akacheka naye, akaahidi fundi. Fundi hakuja.

"Ni Mokami," Kudra alimwambia wifi yake jioni hiyo. "Nani mwingine? Ameniripoti."

"Yule? Hata kuku akiingia dukani kwake anamwomba atoke kwa adabu."

"Wanasema wamesikia habari zangu, Shamsia. Habari zangu zimetoka wapi, hewani?"

Kesho yake Mokami alipita na kumsalimia Kudra kama kawaida, na Kudra akajifanya anatafuta kitu ndani ya ndoo. Siku iliyofuata ilikuwa vilevile. Mokami alisimama kidogo, akaangalia ile ndoo, akaenda zake.

Fundi aliyepatikana aliitwa Sadock, na alifanya kazi kama mtu anayejenga kaburi la mfalme. Gari la maji taka lilikuja likanyonya. Zege la zamani liling'olewa, likamiminwa jipya, lenye vishikio viwili vya chuma. Kudra akasema pembeni pakwanguliwe na kupakwa chokaa. Alipoona chokaa imependeza, akahamisha vyungu viwili vya maua kutoka mlango wa mbele, akaviweka huku na huku. Shamsia aliyatazama yale maua kwa muda mrefu.

"Wifi, sasa umezidisha."

"Acha wakute pameng'aa. Hawafungii mtu aliyejitahidi."

Alhamisi walikuja wawili. Method alikuwa kijana mrefu aliyevaa fulana yenye maandishi ya kijani kifuani. Mwenyekiti alikuwa mwanamke wa makamo, Bi Elieth, gauni la kitenge na viatu vya kisigino kifupi. Kudra aliona viatu hivyo akashangaa kwamba siku hizi watu wa chemba wanavaa hivi. Hakuwakaribisha hata ndani. Alitaka jambo hilo limalizike.

"Karibuni, huku nyuma," alisema, akatangulia.

Walimfuata. Walipita jikoni, wakapita kamba za nguo, wakazunguka bafu. Kudra akasogea pembeni, akanyoosha mkono.

"Chemba ndiyo hii."

Bi Elieth aliangalia zege, akaangalia chokaa, akaangalia maua. Method aliangalia viatu vyake.

"Mama," Bi Elieth alisema hatimaye, taratibu, "tumetembelea biashara nyingi. Hakuna aliyewahi kutuanzia huku."

"Nilijua ndiyo mliyoifuata."

Bi Elieth na Method wakatazamana. Halafu uso wa yule mama ukafunguka, kama mtu aliyepewa fumbo akadhani amelifumbua. "Ni kweli kabisa. Mgeni anaanzia chooni. Chumba kizuri na choo kibovu ni kazi bure. Method, umesikia? Hongera sana, mama."

"Imenyonywa," Kudra akaongeza, asijue aendelee au anyamaze. "Na mfuniko ni mpya."

"Unaonekana."

Wakaketi barazani, Shamsia akaleta chai. Waliuliza wageni wake wanatoka wapi, wanakaa siku ngapi, wanalalamika nini. Kudra alijibu kama anayehojiwa kituoni, kila jibu fupi kuliko lililotangulia. Mwishowe Bi Elieth aliweka kikombe chini.

"Mama Kudra, mji unakua. Wageni wa hifadhini wanaongezeka, wenzetu wa Tarime wanatamani kuja huku na sisi kwenda kwao. Lakini kila mtu yuko kivyake. Tunachotaka ni kuwaunganisha wote. Ukijiunga na chemba, mambo yako yatapita kirahisi."

Kichwani Kudra aliona bomba. "Yatapita wapi?"

"Kwa kuanzia, Tarime," Method alidakia.

"Mpaka Tarime?"

"Na baadaye Sirari. Mungu akijalia, tutavuka hata mpaka."

Kudra alikuwa mtu wa kufuata mambo, hakuwa mjinga, alisikiliza redio kila siku. Lakini uchafu wa Mugumu kusukumwa milima yote ile hadi Tarime, halafu uvuke mpaka! Alitaka kuuliza nani atakayesukuma. Akaona aibu. Kama serikali imeshapanga, imepanga.

Wakamwalika kwenye kongamano Tarime, Jumamosi ya wiki iliyofuata, wakamshukuru kwa chai, wakaondoka. Hawakuandika kosa. Hawakusema atafungiwa. Jambo hilo lilimsumbua zaidi kuliko kama wangemfungia.

"Wanataka kutuunganisha na bomba kubwa," alimweleza Shamsia. "Linaanzia huku linakwenda Tarime, linatokea Kenya."

Shamsia aliacha kukanda unga. "Wifi. Na Wakenya wamekubali?"

Aliamua kwenda. Alifikiri kwamba akikosa watasema amejificha, na akienda ataweza kuwaomba wamwachie chemba yake mwenyewe, maana sasa ilikuwa nzima. Njia nzima alipanga maneno. Aliyapanga vizuri, lakini gari lilipoingia Tarime yakawa yamechanganyika, mwanzo umekwenda mwisho.

Ukumbi ulikuwa umejaa watu waliovaa vizuri mno kwa habari ya maji taka. Mlangoni msichana alimbandika karatasi yenye jina lake kwenye ushungi. Ukutani paliandikwa maneno makubwa, lakini nusu yake ilifunikwa na spika, na Kudra aliweza kusoma tu "CHEMBA YA WAFA". Alijiuliza wafa ni akina nani. Akakaa viti vya nyuma, karibu na mlango.

"Dada, si unisongee kidogo," ilisema sauti nene kama ngoma. Mwanamke mnene mwenye kilemba cha njano aliketi pembeni yake, akahema, akamwita kijana aliyekuwa akigawa maji: "Mura, lete hapa mbili!" Akampa Kudra chupa moja. "Mimi ni Wegesa. Ndizi. Nazitoa huku Tarime nazivusha pale Sirari. Mahindi nanunua kwenu huko, Machochwe, Mbalibali. Na wewe?"

"Mimi ni Kudra, wa Mugumu. Nimekuja kwa ajili ya chemba."

"Hapo sawa. Sisi wote tumekuja kwa ajili ya chemba."

Kudra akapata faraja kidogo. Hakuwa peke yake. Mtu wa kipaza sauti akatangaza kwamba leo ni siku ya kutengeneza mtandao, na asiondoke mtu bila mtandao. Kudra akatoa simu yake akaiangalia. Mtandao ulikuwepo, umejaa kabisa. Akairudisha kwenye mkoba.

Kisha Bi Elieth akapanda jukwaani. Kwenye kipaza sauti alikuwa mtu mwingine, moto.

"Ndugu zangu! Kwa muda mrefu chemba yetu ilikuwa imeziba. Hakuna kilichoingia, hakuna kilichotoka. Ni kweli au uongo?"

"Kweli!" ukumbi ukaitika. Kudra naye aliitika. Alijua chemba iliyoziba ni nini.

"Leo tumeizibua!"

Makofi. Kudra alipiga kwa moyo mmoja.

"Sasa kila mmoja akileta alicho nacho, mimi nawahakikishia, mwaka huu chemba itajaa!"

Watu wakasimama kwa makofi na vigelegele. Hapo Kudra akashindwa. Mikono yake ilibaki hewani. Aliwatazama watu wazima, wenye suti, wenye miwani, wanavyoshangilia chemba kujaa. Akamwinamia Wegesa.

"Samahani, dada. Ikijaa si itafurika?"

"Nini itafurika?"

"Chemba."

Wegesa alimgeukia polepole. Alimtazama usoni kuona kama ni mzaha. Haukuwa mzaha.

"Kwani wewe unafikiri hii chemba ni ya nini?"

Kudra alionyesha kwa mkono tu, chini, sakafuni, kama kuna shimo.

Angecheka, Kudra angeinuka akaenda zake, na habari ingeishia hapo. Lakini Wegesa hakucheka. Alimshika kiganja.

"Sikiliza. Ni chama tu. Chama cha wenye biashara. Wenye maduka, wenye magari, sisi wa ndizi, nyie wa vyumba. Wanakiita chemba kwa sababu Kizungu chake ni hivyo. Kukutana, kujuana, mtu na soko lake. Ndiyo huo mtandao wanaopigia kelele. Hakuna choo hapa."

Mambo yalianza kumrudia Kudra moja moja, na kila moja lilimchoma. Chokaa. Maua. "Chemba ndiyo hii." Viatu vya yule mama kwenye zege bichi. Bomba la kwenda Kenya, alilokwisha kuwasimulia Shamsia, muuza mkaa na mama wa maziwa. Joto likampanda kutoka shingoni. Akaanza kubandua ile karatasi ya jina, apate kutoka bila kutambuliwa.

"Na hapa katikati yetu," Bi Elieth alikuwa akisema jukwaani, "yupo mama mmoja wa Mugumu. Mama Kudra, uko wapi? Simama wakuone."

Wegesa akamsukuma kiunoni. Kudra akasimama.

"Wengi wetu mgeni akija tunamwonyesha sebule. Mama huyu alitupeleka moja kwa moja nyuma, kwenye chemba ya maji machafu! Akasema, anzeni hapa. Na pale pana maua, jamani. Maua! Sijawahi kuona mfanyabiashara anayejiamini namna ile."

Ukumbi ukacheka, ukapiga makofi. Vicheko vilikuwa vya aina gani, Kudra hakuweza kutambua. Alimtazama Bi Elieth amsome. Je, yule mama alijua? Alikuwa anamsifu, au ametengeneza kisa cha kuchekesha watu? Macho ya mwenyekiti yalikuwa yanang'aa tu, na macho yanayong'aa yanaweza kuwa lolote. Kijana akamletea kipaza sauti.

"Neno moja, mama."

Yale maneno aliyoyapanga njiani hayakuwa na kazi tena. Likabaki lile la kweli tu, akalisema.

"Mimi nilidhani mmekuja kunifungia."

Ukumbi mzima ukalipuka. Mzee mmoja wa mbele alifuta machozi kwa leso. Mtu nyuma akapaza sauti, "Hata mimi, mama! Mtu akiniambia anatoka ofisini, nafunga duka!" na wengine wakaitikia kwamba ni hivyo hivyo. Kudra alikaa. Alikuwa amesema ukweli mbele za watu zaidi kuliko siku nyingine yoyote maishani mwake, nao wameupokea kama utani, na sasa wanamgeukia, wanamtabasamia, wanampa kadi zao ndogo zenye majina. Hakujua afurahi au alie. Alizipokea kadi kwa mikono miwili.

Wakati wa chai Bi Elieth alimfuata na kumkumbatia. Kudra alikuwa na maswali mengi, lakini lililotoka ni moja tu. "Samahani, mwenyekiti. Mlisikia habari zangu kwa nani?"

"Kwa jirani yako, yule wa mbegu. Mokami. Alituambia, nyie mnahangaika kutafuta mahali pa kulaza wageni wenu Mugumu, na nyuma ya soko kuna mwanamke ana nyumba safi kuliko hoteli. Hajakwambia?"

Kudra aliirudisha sambusa yake kwenye sahani.

Hakulala Tarime, ingawa Wegesa alimng'ang'ania. Alirudi jioni hiyohiyo, na kabla hajaingia kwake alipitia dukani. Mokami alikuwa anafunga, ameshika nusu ya mlango.

"Habari za jioni, Mokami."

Mokami aliangalia nyuma, kama salamu ilikuwa ya mtu mwingine. "Nzuri, dada Kudra. Leo umeniona?"

"Nimekuja kukuomba radhi." Kudra akamsimulia yote, simu, chemba, ndoo, kwamba alidhani amemchongea. Alisimulia akiwa amesimama, haraka haraka, mkoba bado begani. Alipofika kwenye sifa zilizotoka kwa Mokami, akashusha mkoba chini.

Mokami alisikiliza mpaka mwisho. Hakutabasamu. Akauachia mlango.

"Na mimi nikwambie basi," alisema kwa ile sauti yake ya chini. "Masika yale nilikwenda kwa bwana afya. Nikamweleza habari ya maji yako. Aliahidi kuja, hakuja."

"Uliniripoti?"

"Nilikuripoti."

"Na chemba hii nyingine? Ukanisifu?"

"Nikakusifu. Nyumba yako ni safi, na maji yako yalikuwa yanaingia kwenye mbegu zangu. Yote ni kweli. Ningeficha lipi?"

Njiani Kudra alikuwa amejiandaa kupiga magoti kwa mtu mwema ambaye yeye amemdhulumu. Sasa mtu huyo alikuwa amemchongea kweli, tena miezi mingi kabla hajamdhania, na bado alikuwa mwema. Hasira ilikuja, ikakuta shukrani imekaa mahali pake.

"Ungenijia tena mimi mwenyewe," alisema mwishowe.

"Nilikujia. Ulicheka, ukaniambia fundi anakuja."

Hilo nalo lilikuwa kweli. Wakasimama hapo, wanawake wawili, mlango nusu wazi. Halafu Mokami akauliza, "Kwani Tarime walikupa chakula?" na Kudra akasema ni sambusa tu, na Mokami akasema ndani ana uji wa ulezi bado una moto. Wakanywa bila maneno mengi. Kudra aliondoka bila kujua kama wamepatana, ila alijua kesho atasalimiwa na ataitika.

Wegesa alikuja kabla mwezi haujaisha, na hakuja peke yake. Alileta wanawake wenzake wa biashara kutoka Tarime na Sirari, wanunuzi wa mahindi waliochoka kulala kwenye gesti zenye baa na milango isiyofungika. Walijaza nyumba yote. Kudra na Shamsia walihamia jikoni, wakalala kwenye mkeka. Shamsia alilalamika mpaka usingizi ukamchukua, na alfajiri alikuwa wa kwanza kuwasha moto.

Asubuhi viti havikutosha. Mokami alivileta vyake, akaviinua juu ya ukuta kimoja kimoja, na Kudra akavipokea. Wageni walikula chapati barazani wakiongea Kikurya, Kiswahili cha huku na cha ng'ambo, wote kwa pamoja. Wegesa akapaza sauti kwamba kwenye mkutano ujao Kudra atakuwa mwakilishi wa wenye nyumba za wageni wa Serengeti, maana yeye ameshamtaja kwa mwenyekiti, na mwenyekiti amekubali.

"Mwakilishi anafanya nini?" Kudra aliuliza.

"Anawakilisha."

"Anawakilisha vipi?"

"Utaona ukifika," Wegesa alisema, na wote wakapiga makofi.

Kudra akaona Shamsia anamkazia macho kutoka jikoni, na Mokami anamtazama kutoka juu ya ukuta, kiti kimoja bado mikononi. Alitaka kuuliza tena, na tena. Badala yake akasema sawa, akaenda kuongeza maziwa kwenye chai, akijiuliza ni nini hasa alichokubali.